Nani alituma basoda mgodini? Swali ambalo tribinali ya kijeshi haiulizi

Ndugu vijana wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Likasi, na ninyi wote munaotusoma kwenye simu,

Kila mara soda anapoua raia kwenye karieri, tunasikia maneno yale yale. Siku ya kwanza: "Ni risasi iliyopotea." Siku ya pili, kama vijana wamefunga barabara: "Soda amekamatwa, iko mikononi mwa oditeri wa kijeshi, mutulie." Wiki chache baadaye mutu anaandika kwenye grupu ya WhatsApp: "Balishamufunga, bilishaisha." Na sisi tunaweka kidole gumba, tunarudi kazini.

Sisi tunasema: haijaisha. Mara nyingi hata haijaanza.

Leo tunataka kuongea wazi juu ya namna tribinali za kijeshi zinavyokata kesi za basoda walioua raia. Hatuandiki kwa kuchukia jeshi. Wengi wetu tuna ndugu ndani ya jeshi, na wengine wanakufa Kivu huku mishahara yao inaliwa na bakubwa. Tunaandika kwa sababu tumeona njia mbili za kuzika ukweli. Njia ya kwanza ni kuachilia wote. Njia ya pili ni kumutupa mmoja, haraka, kwa kelele nyingi. Zinaonekana kama njia za kinyume, lakini zote mbili zinaacha swali moja chini ya udongo: nani alituma basoda pale, na kwa amri gani?

TUANZE HAPA KWETU

Jumamosi tarehe 15/11/2025, kwenye mgodi wa Kalando, kule Mulondo, daraja la kujitengenezea lilianguka. Watu waliangukiana ndani ya shimo lenye maji. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo la Lualaba alitangaza kwamba angalau watu 32 walikufa. Alisema watu waliingia kwa nguvu, wakati mahali pale palikuwa pamekatazwa juu ya mvua na hatari ya udongo kuanguka. SAEMAPE, shirika la serikali lenye kazi ya kusaidia wachimbaji wadogo, ilisema jambo lingine: milio ya risasi ya basoda waliokuwa wakilinda mgodi ilileta hofu, watu wakakimbilia daraja.

Soma tena. Watu 32. Na shirika la serikali lenyewe linataja risasi za basoda.

Sasa ujiulize: kama kesi inafunguliwa, inafunguliwa kwa jina gani? Ndani ya sheria ya adhabu ya jeshi kuko makosa yanayoitwa kuvunja maagizo na kutapanya risasi. Soda aliyepiga hewani anaweza kushtakiwa kwa hayo mawili, akafungwa, na karatasi ya hukumu isitaje hata mfu mmoja. Risasi zitahesabiwa, kwa sababu risasi ni mali ya jeshi. Wafu hawatahesabiwa, kwa sababu wafu ni wetu.

Njo pale tunapaswa kuanza kufungua macho. Kesi haikatwi siku ile zuzi anasoma hukumu. Inakatwa zamani, siku ile oditeri anachagua nani ashtakiwe na kosa liitwe jina gani.

KILWA: NJIA YA KUACHILIA WOTE

Wadogo zetu waliozaliwa baada ya 2004 hawajui Kilwa. Tuwaelezee. Kilwa iko kando ya ziwa Mweru, teritwari ya Pweto, ndani ya Katanga ya zamani kabla ya majimbo kukatwa. Kilometa kama 50 kutoka pale kulikuwa mgodi wa shaba na feza wa Dikulushi, wa kampuni Anvil Mining.

Mwezi wa 10 mwaka 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi, brigedi ya 62 chini ya Koloneli Ilunga Ademar, lilirudisha mji haraka. Halafu mambo mabaya yakaanza: watu kukamatwa nyumba kwa nyumba, kupigwa, kuibiwa, kuuawa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, MONUC ya wakati ule, walihesabu wafu wasiopungua 73, na kati yao watu wasiopungua 28 waliuawa bila kesi yoyote. Magari ya kampuni yalitumika kubeba basoda. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba ilitoa magari na ndege; ilisema ililazimishwa na serikali.

Kesi ilifunguliwa mbele ya Korti ya Kijeshi ya Katanga, Lubumbashi, mwezi wa 12 mwaka 2006. Washtakiwa walikuwa 12: basoda 9 na wafanyakazi 3 wa Anvil. Watu walishangilia. Kwa mara ya kwanza, koloneli na watu wa kampuni kubwa ya madini walikuwa wamesimama pamoja mbele ya mazuzi wa Kongo.

Tarehe 28/6/2007 hukumu ikatoka. Kwa mambo ya Kilwa: hakuna mwenye kosa. Korti ilisema watu walikufa ndani ya mapigano. Koloneli Ademar alipewa kifungo cha maisha, ndiyo, lakini kwa mauaji mengine, ya watu wawili, si ya Kilwa. Wafanyakazi wa Anvil wakarudi nyumbani. Louise Arbour, aliyekuwa kamishna mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, alisema mbele ya dunia nzima kwamba ana wasiwasi: mashahidi walioona kwa macho walikuwepo, na korti bado ikasema ni ajali ya vita.

Muone ujanja wa neno moja. "Mapigano." Ukishaliweka neno hilo juu ya maiti, mama aliyetolewa nyumbani kwake anageuka mutu aliyepita kwenye njia ya risasi. Hauhitaji tena kuuliza nani alimufunga mikono.

Familia hazikuchoka. Zilipeleka kesi mpaka Kanada, kwa sababu kampuni ilikuwa na ofisi kule. Mwaka 2012 korti ya rufaa ya Québec ikasema kesi hii si yetu, na Korti Kuu ya Kanada ikakataa kusikiliza. Nyumbani mlango umefungwa, ugenini mlango umefungwa. Mwaka 2017 tu, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Banjul, ilitangaza uamuzi wake: serikali ya Kongo ilivunja haki za watu wa Kilwa, ilipe dola milioni 2,5 kwa wahanga 8 na familia zao, na ifuate waliohusika. Kutoka risasi mpaka karatasi ya Banjul ni miaka 13. Mutoto aliyebebwa mgongoni Kilwa siku ile alikuwa tayari na ndevu.

GOMA: NJIA YA KUTUPA MMOJA

Sasa tuende Goma. Tarehe 30/8/2023 asubuhi, waumini wa kanisa moja linaloitwa Wazalendo walikuwa wanajitayarisha kuandamana kupinga MONUSCO. Basoda wa Gardi Republikeni waliwapiga risasi. Serikali yenyewe ilihesabu wafu zaidi ya 40 kwa siku za kwanza. Dunia iliona video: maiti zikitupwa ndani ya lori kama mifuko ya mawe.

Safari hii tribinali haikulala. Kesi ilianza tarehe 5 mwezi wa 9. Tarehe 2 mwezi wa 10 hukumu ilisomwa: Koloneli Mike Mikombe, kifo. Basoda watatu, miaka 10 kila mmoja. Wawili waliachiliwa. Toka mauaji mpaka hukumu ni siku 33.

Tunajua wengi wenu mulifurahi. Sisi pia, siku ile, tulisema: afazali. Tena tunakubali wazi: kumuona koloneli wa Gardi Republikeni amesimama kizimbani si kitu kidogo, na wale waliotoa ushahidi Goma walikuwa na moyo wa simba. Lakini tukae tufikiri. Siku 33 zinatosha kujua nani alipiga. Zinatosha kujua nani aliketi kwenye mkutano wa usalama siku za kabla, nani aliamua kwamba maandamano ya raia ni kazi ya Gardi Republikeni, nani alijua na akanyamaza? Jenerali Constant Ndima, aliyekuwa gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini, aliitwa Kinshasa. Kizimbani, kati ya washtakiwa sita, hapakuwa jenerali hata mmoja.

Hatusemi kwamba mutu fulani ana kosa. Hiyo ni kazi ya mazuzi. Tunasema swali halikuulizwa mahali ambapo mutu analazimishwa kujibu. Na hukumu ya kifo, tunaisema bila woga hata kama itawakasirisha, haitusaidii. Mutu aliyehukumiwa kifo ni shahidi anayefungwa mdomo. Yule anayejua amri ilitoka wapi njo yule munataka kumuua.

KWA NINI MAMBO YANAENDA HIVI

Si bahati mbaya. Ni namna nyumba ilivyojengwa.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 156, inasema tribinali za kijeshi zinahukumu makosa ya watu wa jeshi na wa polisi. Makosa yote. Soda akiiba risasi za jeshi, ni wao. Soda akimuua muchimbaji kwa risasi ile ile, bado ni wao. Oditeri anayemushtaki ana cheo cha jeshi. Mazuzi wana vyeo vya jeshi, na pembeni yao wanakaa maofisa ambao kazi yao ya kila siku si sheria. Nyani anahukumu nyani, lakini shamba la mahindi lililoliwa ni letu.

Tena kuko sheria ya cheo. Code ya kijeshi ya mwaka 2002 inakataza mutu ahukumiwe na zuzi mwenye cheo cha chini yake. Tribinali ya garnizoni inashughulikia wadogo mpaka kapiteni. Meja na makoloneli wanaenda kwenye korti ya kijeshi. Majenerali wanaenda Korti Kuu ya Kijeshi, Kinshasa. Kwa hiyo faili moja, mauaji yale yale, inaweza kukatwa vipande kama nyama: mpiga risasi hapa, mtoa amri kule mbali. Mara nyingi ni kipande cha chini tu kinachopikwa.

Kumbuka Floribert Chebeya na dereva wake Fidèle Bazana, mwezi wa 6 mwaka 2010. Chebeya aliitwa kwenye ofisi za polisi Kinshasa, akapatikana amekufa. Maofisa wa polisi walihukumiwa 2011. Kesi ilirudi tena, na mwaka 2022 Korti Kuu ya Kijeshi ikatoa hukumu ya kifo kwa Kenga Kenga. Mukubwa wa polisi wa wakati ule, Jenerali John Numbi, yule ambaye Chebeya alikuwa ameitwa kumuona, hakusimama kizimbani hata siku moja. Cheo chake kilikuwa juu ya mazuzi wa kesi ya kwanza. Baadaye alipanda tena, akawa mukaguzi mkuu wa jeshi zima, halafu akatoka inchini mwaka 2021.

Sisi si wa kwanza kusema mambo haya. Tangu 2003 Tume ya Afrika imeandika katika kanuni zake za kesi ya haki kwamba tribinali za kijeshi zina kazi moja: makosa ya kijeshi tu, yanayofanywa na watu wa jeshi. Kutoroka kambi, kulala kwenye ulinzi, kukataa amri halali. Kuua raia si kosa la kambi.

KUNA WATAKAOTUJIBU

Watasema: tribinali za raia zimejaa rushwa, zuzi wa kiraia ataogopa kumuita koloneli, ni wanajeshi tu wanaoweza kumukamata mwanajeshi. Neno hilo lina ukweli, hatulikatai. Kuko maoditeri waliofanya kazi safi, waliopanda piki-piki mpaka vijijini kusikiliza mashahidi. Na tunajua avoka wa familia anaombwa franga kwenye kila meza, ya kiraia na ya kijeshi.

Lakini tribinali ya raia iliyo mbovu tunaweza kuipigania iwe nzuri. Tribinali ambayo mushtaki, zuzi na mushtakiwa wanapigiana saluti kabla ya kikao, hata ikiwa na watu wazuri, itabaki na ugonjwa wake: haiwezi kuuliza swali linalopanda juu. Na kwa Lualaba swali hilo linapanda mpaka kwenye lango la mgodi.

Maana juu ya nini soda yuko mgodini? Sheria ya madini, kifungu cha 27, inakataza watu wa jeshi kuwa na haki za madini. Polisi ya migodi ipo. Bado mwezi wa 6 mwaka 2019 jeshi lilitumwa Tenke Fungurume kuondoa wachimbaji, na baada ya udongo kuua zaidi ya watu 40 kwenye eneo la KCC tarehe 27 ya mwezi ule, likatumwa na kule. Aliyesaini ile amri ana jina. Aliyeomba ile amri ana jina. Anayelipa chakula na mafuta ya magari ana jina. Soda mwenye miaka 22 aliyevuta kidole ana jina pia, lakini lake njo peke yake tunalolisikia.

TUNADAI NINI

1. Kwa Kalando na kwa kila kifo cha namna ile, uchunguzi ufanywe pamoja na mwendesha mashtaka wa kiraia, na ripoti itolewe kwa watu wote.

2. Amri ya kutuma basoda kwenye mgodi iwekwe ndani ya faili: nani aliiomba, nani aliisaini, inasema nini juu ya matumizi ya risasi. Faili isiyo na amri haijakamilika.

3. Kuua kuitwe kuua. Tunakataa wafu wetu wafichwe chini ya maneno "kutapanya risasi".

4. Vikao vifanywe karibu na mahali watu walipokufa. Mama wa Mulondo au wa Fungurume asilazimishwe kuuza mahindi yake apate nauli ya kwenda kusikiliza kesi ya mwana wake.

5. Madepite wetu wa Lualaba walete bungeni mabadiliko ya sheria: soda anayeshtakiwa kwa kuua raia ahukumiwe na mazuzi wa kiraia. Kifungu cha 156 kiliandikwa na watu, watu wanaweza kukiandika tena.

6. Hatuombi kifo kwa mutu yeyote. Tunaomba ukweli, kifungo, malipo kwa familia, na majina ya bakubwa.

NA WEYE UNAYESOMA?

Usingoje mukubwa. Kama soda ameua mutu karibu na weye, andika siku, saa, mahali, brigedi, namba ya gari. Piga picha ukiwa mbali. Usijiweke kwenye hatari. Usiguse maganda ya risasi, onyesha tu pale yalipo. Familia isizike bila karatasi ya daktari inayosema kifo kilitokana na nini; bila ile karatasi, risasi inageuka malaria. Familia ijiandikishe kwenye kesi kama upande unaodai, pamoja na avoka, mapema, siyo siku ya hukumu.

Na siku ya kikao, twende. Katiba, kifungu cha 20, inasema vikao vya tribinali ni vya watu wote, isipokuwa zuzi ametoa uamuzi wa kufunga mlango. Kifungu cha 21 kinasema hukumu inaandikwa, inaelezwa sababu zake, na inasomwa mbele ya watu. Tujaze ile chumba. Tukae kimya, na daftari mikononi. Zuzi anayeona vijana mia wanaandika kila neno hasomi hukumu kama zuzi aliye mbele ya viti vitupu.

Na kwa weye soda unayetusoma usiku kwenye ulinzi, ndugu yetu: kifungu cha 28 cha ile ile Katiba kinasema hakuna mutu anayelazimishwa kutii amri ambayo ni wazi inavunja sheria. Kihifazi kichwani. Siku bakubwa watakapokuambia "piga," ukumbuke Kilwa na Goma. Wao hawakuwa kizimbani. Weye utakuwa peke yako.

Kwa hiyo wakati mwingine mutu akiandika kwenye grupu "balishamufunga, bilishaisha", musiweke kidole gumba. Mumujibu kwa swali moja tu:

Nani alimutuma?

Kolwezi, sisi vijana raia.